Anavunja Vitu Dukani

Morecambe
Jumatano, 2 Julai 2008

Mdogo wangu Cyril,

Mimi mzima, na bahari ipo palepale ilipokuwa. Natumaini magoti yako nayo yamejifunza adabu. Mke wa mwanangu Desmond, Lorraine, amepaka jiko lake rangi ya kijivu, akanipeleka Preston nikalitazame, na nimelitazama. Watoto wao hawajambo. Mkubwa kapata kazi Leeds, mdogo bado analala mpaka saa sita mchana. Jirani yangu wa chini, Bwana Ormerod, tulimzika Ijumaa iliyopita. Chai ya msibani ilikuwa nyepesi sana.

Sasa sikiliza. Nimefukuzwa dukani.

Wenyewe hawasemi wamenifukuza. Wanasema nikija tena niwe na mtu wa "kunisaidia". Duka ni lile kubwa nyuma ya kituo cha treni, na ndilo tumebaki nalo tangu Hargreaves alipofunga genge lake la mboga. Katikati ya mwezi uliopita waliweka maharage ya kutambaa. Haya haya yetu, ya kula na ganda lake pana, yanayokwaruza vidole ukiyapapasa. Nilifurahi nikasahau hata siagi niliyokuwa nimefuata. Nikachukua moja nikalikunja, nalo likakunjika. Cyril, ncha ilikutana na ncha na halikutoa hata mlio. La pili vilevile. La tatu lilivunjika, lakini nyuzi zikaning'inia pande zote mbili, ungeweza kushonea nazo kifungo. Nilipofika la sita, mtu wa tai alikuwa amesimama ubavuni mwangu.

Aliniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia mimi sijambo, wanaoumwa ni maharage yake. Akaniuliza kama nina mtu wa kupigiwa simu. Mara nikajikuta kwenye kiti cha plastiki ofisini kwake, na Desmond anaingia na uso wa mazishi.

Kumbe hiyo haikuwa mara ya kwanza Desmond kuambiwa. Na njiani kurudi ndipo alipolitoa. Anataka niache nyumba yangu niende kwenye nyumba ya wazee kule Garstang. Nikamwambia sitaki. Akasema si suala la kutaka. Atakuja mtu wa ustawi wa jamii kunipima kama akili zangu bado zinatosha kuishi peke yangu, na familia nayo itasikilizwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwandikie Desmond. Mwambie Mama alivyokuwa akipita na sisi soko la Evesham na kuvunja harage la kila muuzaji asikie kama ni bichi kabla hajafungua pochi, na wauzaji wenyewe wakimnyooshea wamwone anavunja. Mwambie kijijini kwetu aliyenunua bila kuvunja alichekwa. Baba hayupo, Mama hayupo, Leonard wangu hayupo. Aliyebaki anayejua ni wewe.

Na boksi langu la maharage la mwaka huu usilicheleweshe. Miaka thelathini na moja hujawahi kunikosesha.

Dada yako,
Norah


Cropley End, karibu na Evesham
Jumatatu, 21 Julai 2008

Dada Norah,

Barua yako niliipata. Samahani kwa kuchelewa, kuna mambo yalinibana. Mvua imenyesha wiki nzima, na paa la kanisa linavuja mahali palepale lilipovujia wakati wa arusi yako. Paka kazaa tena chini ya kabati. Sikujua kwamba bado ana nia hiyo.

Pole kwa ya dukani. Watu wa siku hizi hawajui mboga. Kuhusu Desmond, dada, usimchukulie vibaya, ni mtoto mwenye moyo. Nyumba nyingine za wazee si mbaya. Zina joto kila chumba, na mtu akianguka anaokotwa papo hapo. Sisemi uende. Nasema tu zipo.

Maharage mwaka huu yanakuja polepole kwa ajili ya baridi. Fito zimesimama vizuri. Boksi litakuja.

Mdogo wako,
Cyril


Morecambe
Jumatatu, 4 Agosti 2008

Cyril,

Nimefurahi kwa paka. Mimi sijambo, Lorraine hajambo, jiko bado la kijivu.

Nilikuomba umwandikie Desmond, ukanijibu paa la kanisa. Nilidhani ukurasa mmoja umepotea njiani, nikaichungulia bahasha. Haukupotea.

Basi nikaona nisikae kumsubiri mwanamume. Ikiwa maharage mazuri yapo mahali fulani katika kaunti hii, nitayapata, na nitamwekea Desmond mezani ili asikie kwa masikio yake tofauti ya harage zima na harage mfu. Jumanne nilipanda basi hadi Heysham. Pale wanayauza yakiwa yamekatwakatwa tayari, ndani ya mfuko uliojaa jasho. Alhamisi nilikwenda Carnforth. Yalikuwa marefu kuliko mkono wangu, mbegu zimevimba mpaka ukiyatikisa yanaongea. Ya namna hiyo Baba alikuwa akiyaacha ya mbegu. Jumamosi nikaenda soko la Lancaster. Kuna mama mmoja pale aliniambia, "Vunja tu, bibi, mwenyewe nilikuwa navunja." Nilitaka kumkumbatia. Lakini yake yalikuwa ya juzi, na yeye mwenyewe alikiri.

Nikisema haki, yaliyovunjika vizuri kuliko yote wiki nzima yalikuwa yale membamba ya Kifaransa, yametoka Kenya kwa ndege. Pembeni yake yalikuwepo yetu ya Lincolnshire yamelegea. Huyo mkulima wa Kenya simjui, lakini nampa mkono. Kazi yake anaijua. Tatizo ni kwamba hayo si haya yetu, hayana ladha ile ya majani na chuma, na kwa nyama ya nguruwe ya Jumapili yanapotea kabisa kwenye sahani.

Basi la kurudi liliniacha, nikaingia nyumbani saa moja jioni. Desmond alikuwa sebuleni kwangu. Ana daftari sasa. Ameandika "anatangatanga", nimeona kwa macho yangu. Nimezunguka miji mitatu kwa siku tatu na ratiba ya mabasi nimeikariri, mwanangu anaandika natangatanga.

Siendi Garstang, Cyril. Wanibebe na kochi. Wewe andika hiyo barua.

Norah

Boksi liko wapi?


Cropley End
Jumamosi, 23 Agosti 2008

Dada mpendwa,

Kwa haraka tu niiwahi posta. Haya hapa maharage yako, nimeyachuma asubuhi hii umande haujakauka. Mwaka huu yamekuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Kula kwa siagi. Ya Desmond nayafikiria.

Cyril


Morecambe
Jumatano, 27 Agosti 2008

Cyril,

Wote wazima. Salamu zimeishia hapo.

Nimelifungua boksi lako mezani. Nilikuwa nimeshabandika sufuria, nimenoa kisu, siagi nimeitoa kwenye friji ilainike. Nikachukua harage la kwanza nikalikunja, likakunjika. Nikasema ni safari ya posta, siku ya mapumziko imeingia katikati. Nikachukua la pili.

Haya ni ya dukani.

Usijitetee. Miaka thelathini na moja hujanitumia harage lililooshwa. Yako huja na udongo, na wadudu weusi, na jani moja au mawili, na mara moja alikuja konokono mzima akaishi kwenye dirisha langu wiki mbili. Yako hayajawahi kulingana urefu. Haya yamelingana yote na yamekatwa vikonyo kwa kisu, na chini ya boksi kuna mpira wa bluu wa kufungia ambao umeusahau. Umande haujakauka, umeandika. Kwa mkono wako.

Niliyala. Sikutaka kuyatupa. Nilitafuna nyuzi kwa nusu saa na kuzitema pembeni mwa sahani, na kila uzi nilioutema nilikuwa nakukasirikia.

Nieleze, bustani yako iko wapi? Na kama unaweza kunidanganya kwa harage, ni kitu gani kingine umenidanganya? Nimezisoma tena barua zako zote mbili. Unaandika kama mtu aliyefunga mlango akauegemea. Ufungue. Na usinijibu kwa habari za paka.

Norah


Cropley End
Ijumaa, 19 Septemba 2008

Dada Norah,

Nimeanza barua hii mara saba. Hii ndiyo ya nane, na nitaituma ikiwa na makosa yake.

Sina bustani. Mwaka huu sikupanda kitu. Novemba iliyopita nilikwenda kuchimba mtaro wa maharage kama kila mwaka, nilikuwa na magazeti yangu na maganda ya jikoni ya kutandika chini, na goti la kulia likaniacha. Niliangukia ndani ya mtaro wangu mwenyewe. Nililala humo kwa muda wa karibu saa mbili mpaka mtu aliyekuwa anatembeza mbwa akaniona. Nilimwambia nilikuwa napima kina. Mwezi wa pili niliirudishia kamati ya kijiji kile kipande changu cha kulima, na sasa kuna mume na mke wa mjini wanaotia maua matupu. Sikumwambia mtu. Wewe nilishindwa kukuambia kwa sababu ya boksi.

Ulipozidi kulidai nilikwenda dukani Evesham. Norah, tangu nizaliwe sijawahi kununua harage la kutambaa. Nilisimama mbele ya yale maharage kama mgeni. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshavunja matatu. Akaja mama mmoja mwenye sare, mpole, akaniuliza kama nimepotea na kama kuna mtu wa kupigiwa. Nikasema hapana. Nikalipa, pamoja na yale niliyoyavunja, nikatoka uso unawaka.

Na sasa lile jingine.

Desmond alikuja hapa Jumamosi ya tarehe 28 Juni. Alileta keki. Alisema una hali, umeanza kuvunja vitu dukani, na zaidi ya mara moja. Alikuwa na karatasi ya watu wa ustawi inayosema familia imeona umeanza kupotewa. Alikuwa amekwisha saini yeye na Lorraine. Mimi sikuuliza ni vitu gani. Nilidhani ni sahani au glasi. Nilisaini.

Barua yako ilinifikia siku tano baadaye. Nilipofika kwenye harage la tatu nilijua nimefanya nini.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ileile. Nitakuambia ukweli, na ukweli wenyewe ni mbaya. Tangu Pasaka sijapanda ngazi za nyumba hii. Nalala jikoni kwenye kiti cha Baba. Nikiandika kukutetea wataniuliza na mimi ninaishije, atakuja mtu na karatasi nyingine. Niliogopa kwamba wakimaliza kwako watakuja kwangu. Nikaona heri wabaki na wewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, dada, wala sikulala usingizi hata baada ya kufikiri hivyo.

Sijui kama neno langu linaweza kusaidia sasa.

Cyril


Morecambe
Jumatatu, 22 Septemba 2008

Cyril,

Leo sina salamu.

Usiniandikie mimi. Waandikie wao. Anwani ya ofisi ya ustawi nimeibandika nyuma ya karatasi hii. Siku yangu ni Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi. Aliyesaini ni wewe, wa kuifuta ni wewe.

Usipoandika, nitakwenda peke yangu na bado nitasimama. Lakini nitajua.

N.


Morecambe
Ijumaa, 10 Oktoba 2008

Mdogo wangu,

Nimeamka salama, kitandani mwangu, na nimepika chai kwa birika langu. Lorraine hajambo. Desmond hajambo sana, nitakueleza. Dirisha la baharini limeanza kupitisha upepo.

Siku kumi na saba sikupata neno kutoka kwako. Kila asubuhi nilimsikia mleta barua akipita, na kila asubuhi nilikutukana kwa jina lako kamili. Kwa hiyo jana nilivaa koti la kanisani na hereni za Mama, nikakaa nikisubiri kupigana peke yangu.

Alikuja mama mmoja, Bi Entwistle, mnene, ana kikohozi na faili. Desmond akakaa kwenye kiti cha baba yake bila kuulizwa. Bi Entwistle aliniuliza tarehe, nikampa pamoja na sikukuu ya mtakatifu wake. Aliniuliza nani anaongoza nchi, nikamjibu, nikaongeza na maoni yangu. Akaniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba. Nilifika mbili, akasema yeye mwenyewe huwa anaishia sabini na tisa.

Kisha akageukia daftari la Desmond. Akaniuliza kwa nini navunja vitu dukani. Nikamwambia. Akaniuliza kwa nini nazunguka kwa mabasi. Nikamwambia. Desmond akatikisa kichwa polepole, kile kichwa cha huruma, akamwambia kwamba kwa mama yake kila kitu siku hizi ni maharage. Nikaona yule mama anaandika, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita niliogopa. Nakuambia wewe tu. Kwa sababu niligundua kwamba mtu mwenye akili timamu akieleza ukweli wake chumbani mwa watu waliokwisha amua, anasikika vilevile kama aliyezikosa.

Hapo ndipo Bi Entwistle alipotoa barua yako. Ilimfikia Jumatatu. Alisema mwandishi ameomba isomwe kwa sauti, na akaisoma yote. Sehemu moja nilimwomba airudie, na nimeishika:

"Nilisaini karatasi ya uongo. Sikumwona dada yangu akipotewa, miaka mitatu sijamwona kabisa. Aliyeanguka mtaroni ni mimi. Anayelala jikoni ni mimi. Mkitaka mtu wa kumtazama, njooni mnitazame mimi, mlango wa nyuma haufungwi. Norah anavunja harage kwa sababu ndivyo harage linavyonunuliwa, na asiyelivunja ndiye mwenye tatizo."

Nililia, Cyril, mbele ya mtu wa serikali, na sioni haya.

Desmond akasema kwa sauti ya alipokuwa na miaka kumi, "Mama, kwa nini hukuniambia ndivyo maharage yanavyonunuliwa?"

Nikamwambia, "Nilikuambia kwenye gari. Ulikuwa unatafuta stesheni ya redio."

Mwanangu si mtu mbaya. Anaogopa nitakufa peke yangu kama baba yake, sakafuni, yeye akiwa kazini. Hilo alilisema jana kwa mara ya kwanza, na ningelisikia mapema tusingefika kwenye madaftari. Daftari amelitia mfukoni. Bi Entwistle ameandika kwamba naishi hapa na nitaendelea kuishi hapa, na nisaini mimi mwenyewe. Nilisaini kwa herufi kubwa mpaka nikavuka mstari. Mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama wa soko la Lancaster bado yupo, na huwa anafungua saa ngapi.

Sasa ni zamu yako, na usianze kutafuta habari za paka. Umewaita wenyewe, kwa hiyo watakuja. Natoka hapa Jumanne kwa treni ya saa tatu. Desmond ananipeleka kituoni, na Jumamosi ijayo atakuja na kitanda kwenye gari aingize sebuleni kwako, hakuna mtu anayelala kwenye kiti cha Baba nikiwa hai. Huyo mtu wa ustawi wa huko akibisha hodi atanikuta mimi mlangoni. Nimekwisha fanya huo mtihani na majibu ninayo yote.

Nimekusamehe kwa ile saini. Kwa yale maharage, bado.

Dada yako,
Norah